Bustani ya Macho

Umewahi kumwona mtoto ambaye mchana anacheza vizuri na wenzake, lakini jua likishatua anaanza kupapasa ukuta? Anajikwaa kwenye mafiga. Ukimpa bakuli la uji, haoni mkono wako. Wengine husema amerogwa. Hakurogwa. Mwili wake umepungukiwa na vitamini A. Asipotibiwa, macho hukauka, kisha huingia vidonda, na anaweza kuwa kipofu kabisa. Tena mtoto huyu akipatwa na surua, hali yake huwa mbaya zaidi.

Mtoto kama huyo apelekwe zahanati mara moja. Bustani haitamtibu. Kazi ya bustani ni kuwakinga wengine wasifike hapo.

Vitamini A tunaipata wapi? Imo katika maziwa ya mama, maini na mayai. Lakini nani kati yetu anakula maini kila siku? Imo pia katika mboga za majani ya kijani kibichi, na katika mapapai mabivu, maembe mabivu, maboga na viazi lishe, yaani viazi vitamu ambavyo ndani vina rangi ya chungwa. Basi tunaweza kupanga bustani nzima kwa shabaha moja: mwezi wowote, hata kiangazi, pasikosekane kimojawapo cha kutia chunguni. Wengi wakisikia habari za macho hukimbilia mbegu za karoti. Mimi sioni haja. Mbegu ya karoti ni ya dukani. Mbegu ya papai unaitupa jalalani kila siku.

Anza na mipapai, karibu na mahali pa kuogea. Chimba mashimo, toka shimo hadi shimo hatua 3. Tia samadi iliyooza. Kila shimo panda mbegu 3 au 4, na usiwe na haraka ya kupunguza miche. Ngoja itoe maua. Mpapai dume maua yake huning'inia kwenye vikonyo virefu, nao hauzai. Hiyo ng'oa, bakiza mmoja tu. Maji ya kuogea yafuate mfereji mdogo hadi kwenye mashina. Yasimwagwe juu ya mboga.

Pembeni mwa mipapai piga matuta ya viazi lishe. Viazi vyeupe vinashibisha, na michembe yake sote tunaipenda, lakini vitamini A yake ni kidogo mno. Viazi lishe vinakupa mboga mara mbili: juu matembele, chini kiazi. Ila usichume matembele yote, kiazi kitadumaa.

Shida kubwa ni mbegu. Kiangazi marando hukauka, mvua inanyesha nawe huna cha kupanda. Fanya hivi. Ukivuna, chagua viazi vidogo visivyo na fukusi wala kidonda. Vipange katika beseni lenye mchanga mkavu, visigusane. Vifunike kwa mchanga, uweke beseni ndani ya nyumba, mahali pasipo na joto. Vitachipua polepole. Zikibaki wiki 6 hadi 8 kabla ya mvua, vihamishie kwenye kitalu karibu na nyumba na uvimwagilie. Mvua ikianza, unakata marando yako mwenyewe. Jirani atakuja kuomba, mpe.

Mchicha usiupande wote siku moja. Panda tuta dogo kila baada ya wiki 2, maana huchumwa baada ya wiki 3 au 4. Boga litambae uani. Majani yake nayo ni mboga.

Mpakani panda karanga. Unauliza karanga zinahusu nini na macho? Mwili hauwezi kuitumia vizuri vitamini A hii bila mafuta. Mchicha mkavu uliochemshwa kwa chumvi tu, faida yake ni ndogo. Tia karanga zilizotwangwa au kijiko cha mafuta. Ukikausha mboga za akiba, zianike kivulini, kwani jua kali huharibu vitamini.

Mtoto akifika miezi 6, mpondee kiazi lishe kilichoiva, utie mafuta kidogo, naye aendelee kunyonya. Matone ya vitamini A wanayopewa watoto wa miezi 6 hadi miaka 5, kila baada ya miezi 6, yasiachwe kwa sababu tu nyumbani kuna mapapai.