Moyo Ukiwa Upande wa Kulia

Daktari anaweka kifaa cha kusikilizia upande wa kushoto wa kifua. Mapigo yanasikika kwa mbali, kama ngoma ya kijiji cha pili. Anakihamishia kulia, na hapo moyo unadunda waziwazi.

Kwa nje pande mbili za mwili zinakaribia kufanana, lakini ndani sivyo. Moyo umeelemea kushoto, ini liko kulia, wengu kushoto. Pafu la kulia lina sehemu tatu. La kushoto, lililoupisha moyo, lina mbili tu. Ila kwa takriban mtu mmoja kati ya 10,000, mpangilio huu wote umegeuka, kana kwamba unautazama kwenye kioo. Matthew Baillie, daktari wa London, aliieleza hali hiyo mwaka 1788.

Ni nini kinachoamua kulia na kushoto? Jibu lake linastaajabisha. Mimba ikiwa changa mno, kabla hata moyo haujajipinda, kiinitete huwa na kishimo kidogo kilichoota vijinywele visivyoonekana kwa macho. Vijinywele hivyo huzunguka na kusukuma majimaji kuelekea kushoto, na mkondo huo ndio unaoziarifu seli upande upi ni upi. Mwaka 1998 watafiti wa Japani, akiwemo Nobutaka Hirokawa, walichunguza viinitete vya panya visivyo na vijinywele. Mkondo haukuwepo, na moyo ulipinda upande wowote, kama shilingi iliyorushwa juu.

Vijinywele vya jamii hiyo ndivyo vinavyosafisha makohozi katika njia ya hewa. Ndiyo maana baadhi ya watu waliogeuka viungo husumbuliwa tangu utotoni na kikohozi na mafua yasiyokwisha, ugonjwa unaobeba jina la Manes Kartagener, aliyeandika juu yake huko Zurich mwaka 1933.

Wengi wa waliogeuka viungo, hata hivyo, huishi na afya njema bila kujua lolote. Hatari huja siku ya dharura: kidole tumbo kikivimba, maumivu huweza kuwa kushoto, na daktari akatafuta ugonjwa mwingine huku muda ukiyoyoma. Kipimo cha umeme wa moyo nacho huweza kusomeka vibaya.

Basi ukiambiwa baada ya eksirei au ultrasaundi kwamba viungo vyako vimegeuka, omba hali hiyo iandikwe kwenye kadi yako ya hospitali, na uwaambie wa nyumbani. Siku ukifikishwa hospitali huwezi kusema, wao watakusemea.