Pikapu ya dizeli: Nafuu ya kweli au mzigo kwa mwenye gari?

Na Mwandishi Wetu, Dar es Salaam

MFANYABIASHARA anayetaka kununua pikapu ya kubebea mzigo wa tani moja hivi hukutana na swali moja mapema kuliko mengine yote: achukue yenye injini ya dizeli au ya petroli?

Kwa miaka mingi jibu lilikuwa jepesi. Dizeli, watu walisema, hula mafuta kidogo, huvuta mzigo bila kulalamika na hudumu. Sifa hiyo ilijengwa na pikapu za zamani, ambazo injini zake hazikuwa na kompyuta, na fundi wa mtaani aliweza kuzifungua na kuzifunga akiwa chini ya mwembe.

Injini za dizeli zinazotengenezwa leo ni viumbe vingine. Zina nguvu zaidi na hutumia mafuta kwa uangalifu zaidi, lakini vipuri vyake ni ghali na hazivumilii mafuta machafu. Kwa sababu hiyo, jibu la swali la mfanyabiashara halipatikani tena kwenye sifa za dizeli peke yake. Linategemea uzito wa mzigo na urefu wa safari.

Siri ya dizeli

Injini ya dizeli, iliyopewa jina la mvumbuzi wake Mjerumani, Rudolf Diesel, ilifanyiwa majaribio yenye mafanikio mwaka 1897. Haina plagi za kuwashia mafuta. Hewa hubanwa kwa nguvu ndani ya silinda mpaka inapata joto kali, kisha dizeli hunyunyizwa na kuwaka yenyewe.

Wakati injini nyingi za petroli huibana hewa takriban mara 10, za dizeli huibana mara 16 au zaidi. Kadiri mbano unavyokuwa mkubwa, ndivyo sehemu kubwa zaidi ya joto la mafuta inavyogeuzwa kuwa kazi. Aidha, lita moja ya dizeli ni nzito kuliko ya petroli, na nishati iliyomo huizidi kwa asilimia 10 hivi.

Tofauti hiyo huonekana zaidi mzigo unapopakiwa. Mfano mzuri ni Toyota Hilux, ambayo imeuzwa katika masoko mbalimbali ikiwa na injini za aina zote mbili. Injini yake ya petroli ya lita 2.7 hutoa nguvu ya msokoto ya nyutonimita 245, tena inapofikia mizunguko 4,000 kwa dakika. Ile ya dizeli ya lita 2.4, ingawa ni ndogo, hutoa hadi nyutonimita 400 kuanzia mizunguko 1,600 tu.

Kwa lugha ya barabarani, pikapu ya dizeli iliyobeba viazi kutoka Njombe itapanda mlima wowote wa njiani kwa gia ya juu kidogo na injini iliyotulia. Ya petroli italazimika kushushwa gia na kuzungushwa kwa kasi, na mafuta yataondoka kwa kasi hiyo hiyo.

Mahali inapogharimu

Gharama ya dizeli huanzia kwenye ununuzi, kwa kuwa pikapu ya dizeli kwa kawaida huuzwa kwa bei ya juu kuliko ya petroli ya aina hiyo hiyo. Huendelea gereji.

Katika injini za kisasa, mafuta husukumwa kwa shinikizo linaloweza kuzidi baa 2,000 na kupita katika matundu membamba mno ya nozeli. Chembe ya uchafu au tone la maji linatosha kuharibu kazi hiyo. Pampu ya shinikizo nayo hulainishwa na dizeli yenyewe, hivyo dizeli iliyochanganywa na mafuta ya taa huiacha ikisagika yenyewe kwa yenyewe.

Watanzania wanaufahamu vizuri mchezo huo, wakauita uchakachuaji. Serikali ilianza kuweka vinasaba kwenye mafuta mwaka 2010 ili kuutambua, na mwaka 2011 ikapandisha kodi ya mafuta ya taa ili kuondoa kishawishi cha kuyachanganya na dizeli. Hata hivyo, mwenye injini ya kisasa bado hana budi kuchagua kituo cha mafuta anachokiamini na kubadilisha chujio la dizeli kwa wakati.

Jambo jingine ni salfa iliyomo ndani ya dizeli. Kuanzia Januari 2015, Tanzania, Kenya, Uganda, Rwanda na Burundi zilianza kufuata kiwango kisichozidi sehemu 50 za salfa kwa milioni. Hiyo ilikuwa hatua kubwa, lakini kiwango cha Ulaya ni sehemu 10 na cha Marekani ni 15. Pikapu zilizoundwa kwa ajili ya masoko hayo huja na vichujio vya masizi vilivyokusudiwa dizeli safi zaidi.

Kichujio hicho hunasa masizi ndani ya bomba la moshi, kisha huyateketeza kwa joto linalokaribia nyuzi 600 za Selsiasi. Joto hilo hupatikana kwa urahisi gari linapokwenda mwendo wa kutosha kwa muda, kama ilivyo katika barabara ya Dar es Salaam kwenda Morogoro. Gari linaloshinda kati ya Kariakoo na Sinza, likizimwa na kuwashwa kila baada ya dakika 10, huenda lisilifikie. Masizi hujaa, taa ya onyo huwaka, nguvu hupungua na mwenye gari huanza safari za gereji.

Wapo wanaoamua kukiondoa kichujio. Gari hupumua, lakini masizi yaliyokuwa yakinaswa huishia katika mapafu ya wapita njia. Shirika la Kimataifa la Utafiti wa Saratani, lililo chini ya Shirika la Afya Duniani, lilitangaza Juni 2012 kwamba moshi wa injini za dizeli husababisha saratani kwa binadamu.

Hesabu isemavyo

Wahenga walisema mali bila daftari hupotea bila habari. Chukua mfano wa pikapu ya petroli inayotumia lita 12 kwa kilomita 100, na ya dizeli inayotumia lita 9. Tuseme mafuta yote yanauzwa Sh3,000 kwa lita, na kwamba tofauti ya bei ya kununulia pamoja na matengenezo ni Sh9 milioni.

Dizeli itaokoa Sh9,000 katika kila kilomita 100. Ili kurudisha Sh9 milioni, gari lazima litembee kilomita 100,000.

Anayesafirisha bidhaa mikoani kwa kilomita 200 kwa siku, siku 250 kwa mwaka, atafika huko baada ya miaka miwili. Kuanzia hapo, kila safari ni faida. Anayezunguka mjini kwa kilomita 30 kwa siku, siku 300 kwa mwaka, atahitaji miaka 11, na nozeli zikiharibika mara moja kabla ya hapo, hesabu yote huanza upya.

Ni kweli kwamba dizeli hutumia mafuta kidogo hata gari linaponguruma bila kusogea katika foleni, jambo linaloweza kumpunguzia mtu wa mjini miaka hiyo. Lakini bei kikomo hutangazwa upya kila mwezi na Mamlaka ya Udhibiti wa Huduma za Nishati na Maji (EWURA), na katika miezi ambayo dizeli iko juu ya petroli nafuu hiyo humegwa.

Funzo la Marekani

Marekani, ambako pikapu ni gari la familia kama lilivyo la kazi, imekwisha kulijaribu jambo hili. Ram ilileta dizeli katika pikapu yake ndogo ya 1500 kwa toleo la mwaka 2014, na Ford ikafuata kwa F-150 mwaka 2018. Ford iliiondoa mwaka 2021 na Ram ikaacha mwaka 2023, huku General Motors ikiendelea kuuza ya kwake.

Huko dizeli mara nyingi ni ghali kuliko petroli, na mitambo ya kusafisha moshi huongeza bei ya gari. Kashfa ya Volkswagen ya mwaka 2015, ya kudanganya vipimo vya moshi, nayo iliichafua dizeli machoni pa wengi. Wakati huo huo, injini za petroli zenye turbo na zile zinazosaidiwa na umeme zilikuwa zimekwisha kuikaribia kwa nguvu. Hata hivyo, pikapu kubwa za kuvuta matrela mazito zimeendelea kuuzwa na injini za dizeli, kwa sababu kazi yenyewe inazidai.

Kabla ya kulipa

Kwa mkulima, mkandarasi au msafirishaji ambaye gari lake hupakiwa karibu kila siku na kwenda mbali, dizeli ingali chaguo la busara. Kwa mwenye duka anayebeba katoni chache kutoka mtaa mmoja hadi mwingine, petroli humpa gari la bei nafuu na fundi wa karibu.

Anayenunua dizeli iliyotumika hana budi kuiwasha ikiwa baridi, kuutazama moshi wake, na kuuliza iwapo kichujio cha masizi kingalipo. Moshi mweusi mzito au injini inayochelewa kuwaka ni dalili ya kumwita fundi wa nozeli kabla ya kulipa. Gharama ya kumwita ni ndogo, nayo ya kuzibadilisha nozeli zote nne inaweza kumeza faida ya miezi mingi.