Ngozi Nayo Husikia: Usonji, Mavazi na Lugha ya Mguso

Utangulizi

Katika milango mitano ya fahamu, mguso ndio mlango usiofungika. Mtu aweza kufumba macho, kuziba masikio au kubana pua, lakini ngozi hana la kuifanya. Imeufunika mwili mzima, na juu yake mna nguo tangu alfajiri hadi usiku. Hata hivyo, wengi wetu hatuna habari na nguo tulizovaa. Yumkini msomaji wa makala haya, kabla ya kufika kwenye sentensi hii, hakuwa akiusikia ukosi wa shati lake shingoni. Makala haya yanakusudia kueleza hali ya watu ambao kwao ukosi huo hausahauliki, yaani baadhi ya watu wenye usonji, ambao nguo ya kawaida huweza kuwatia maumivu ya kutwa nzima. Aidha, yatajaribu kuonyesha kwamba Kiswahili kina hazina ya kutosha ya kuieleza hali hii, na kwamba tunapoacha kuitumia hazina hiyo, anayeumia ni mtoto asiyeweza kujitetea.

Usonji na wepesi wa hisi

Usonji ni hali inayohusu ukuaji wa ubongo, nayo huanza mapema mno maishani. Si ugonjwa wa kuambukiza, wala si zao la malezi mabaya, laana au urogi. Hali hii hugusa namna mtu anavyowasiliana na kuhusiana na wenzake, na aghalabu huambatana na mazoea ya kurudiarudia pamoja na mapenzi makubwa ya mambo machache. Daktari Leo Kanner wa Baltimore, Marekani, ndiye aliyeieleza kwa mapana mwaka 1943, alipoandika kuhusu watoto 11 aliowachunguza. Mwaka uliofuata, Hans Asperger wa Vienna alichapisha maelezo yake kuhusu watoto wa hali inayokaribiana na hiyo. Asperger alitambua jambo linalotuhusu hapa: baadhi ya watoto hao walichukia mno kugusa mahameli, hariri, pamba au chaki, na hawakuvumilia ukavu wa shati jipya wala soksi iliyotiliwa viraka.

Licha ya kutambuliwa mapema hivyo, jambo hili lilichukuliwa kwa miongo mingi kuwa dogo na la pembeni. Ni mwaka 2013 tu ambapo toleo la tano la mwongozo wa Chama cha Madaktari wa Akili cha Marekani liliuingiza mwitiko usio wa kawaida wa hisi miongoni mwa dalili zinazotumiwa kuutambua usonji. Mwainisho wa magonjwa wa Shirika la Afya Duniani ulioanza kutumika mwaka 2022 nao pia unaitaja hali hiyo.

Tuiiteje kwa Kiswahili? Wapo wanaopendelea neno “unyeti”. Neno hili lafaa, ila kwa masikio ya wengi limekwisha kuegemea mambo ya faragha na ya siri. Katika makala haya tutatumia “wepesi wa hisi”. Waswahili humwita asiyesikia vizuri “mzito wa kusikia”. Basi yule ambaye hisi zake hupokea kupita kiasi si vibaya kumwita mwepesi. Istilahi hii ina faida ya pili, kwani inatukumbusha kwamba kinyume chake kipo pia. Wapo watu wenye usonji walio wazito wa hisi, ambao hutafuta nguo za kubana, blanketi nzito au kumbatio la nguvu ndipo watulie. Na mtu mmoja aweza kuwa mwepesi kwa jambo hili na mzito kwa jingine.

Kinachotokea ngozini na ubongoni

Hebu tuanze na kitambaa chenyewe. Kila uzi umesokotwa kwa nyuzinyuzi ndogo, na ncha za baadhi ya nyuzinyuzi hizo hujitokeza juu ya kitambaa. Nyuzinyuzi ikiwa laini, hupinda inapoigusa ngozi. Ikiwa nene, haipindi bali hudunga. Wataalamu wa sufu nchini Australia walionyesha katika miaka ya 1980 kwamba nyuzinyuzi zenye kipenyo kinachozidi takriban mikromita 30 huzisisimua neva za maumivu zilizo ngozini. Kwa hivyo, sweta ya sufu nzito humdunga kila aivaaye. Huo si mzio wala si mawazo tu. Ni mdungo wa kweli. Tofauti baina ya watu ni kiasi wanachousikia mdungo huo, na muda wanaouchukua kuusahau.

Kuhusu kiasi, mwaka 2016 Lauren Orefice, David Ginty na wenzao wa Chuo Kikuu cha Harvard walichapisha utafiti uliofanyiwa panya waliokuwa na mabadiliko katika jeni zinazohusishwa na usonji. Waligundua kwamba kasoro haikuwa ubongoni pekee. Neva zinazoleta habari za mguso kutoka ngozini zilikuwa zimeathirika, na kizuizi ambacho kwa kawaida hupunguza nguvu za habari hizo katika uti wa mgongo kilikuwa kimelegea. Mguso mdogo ukafika ubongoni ukiwa mkubwa. Panya si binadamu, lakini matokeo hayo yanatuonya tusiharakishe kusema kwamba mtoto “anajifanya”.

Kuhusu kusahau, watafiti wa Chuo Kikuu cha California, Los Angeles, waliripoti mwaka 2015 kwamba waliwapima vijana kwa kuwasugua mkono kwa kitambaa cha sufu chenye kukwaruza, pamoja na kuwasikilizisha sauti za kukera, huku picha za ubongo zikichukuliwa. Kwa kawaida, kichocheo kikirudiwarudiwa, ubongo hukizoea na mwitiko wake hupungua. Kwa vijana wenye usonji waliokuwa na wepesi mkubwa wa hisi, haikuwa hivyo. Sehemu za ubongo zinazopokea hisi, pamoja na amigdala, ambayo huhusika na hofu, hazikukizoea kichocheo hicho kama zilivyokizoea zile za wenzao. Kwa maneno mengine, sweta inayosahauliwa na darasa zima kufikia kipindi cha kwanza, kwa mwanafunzi huyo huendelea kuwa mpya hadi kengele ya jioni.

Ushahidi wa aliyeyaonja

Adhabu ya kaburi aijuaye maiti. Temple Grandin, aliyezaliwa mwaka 1947 na ambaye ni profesa wa sayansi ya wanyama katika Chuo Kikuu cha Jimbo la Colorado, ana usonji, naye ameyaeleza haya katika kitabu chake Thinking in Pictures cha mwaka 1995. Alifananisha sketi za ndani alizovishwa utotoni na msasa unaozikwaruza neva zilizo wazi. Jumapili kanisani ilikuwa siku ya mateso, kwa kuwa wiki nzima alivaa suruali, na siku hiyo moja akalazimika kuvaa sketi na soksi ndefu. Lililomuumiza zaidi, anaeleza, ni mabadiliko yenyewe. Hata ukubwani, nguo ya ndani ya aina mpya ilimchukua siku tatu hadi nne kuizoea. Wazazi wake hawakujua kwa nini alikosa adabu kanisani, ilhali mabadiliko machache ya mavazi yangemtuliza.

Jambo hili lastahili kutiliwa mkazo. Kilichoitwa utovu wa adabu kilikuwa maumivu yaliyokosa jina.

Sarufi ya lawama

Hapa ndipo wanafunzi wa Kiswahili wanapoingia. Tazama sentensi hizi mbili:

(a) Mtoto anakataa sweta.
(b) Sweta inamwasha mtoto.

Tukio ni lile lile moja. Katika (a), mtoto ndiye kiima. Ndiye mtenda, na hivyo ndiye mwenye kulaumiwa. Katika (b), sweta imekuwa kiima, naye mtoto amekuwa yambwa, mtendwa wa tendo asilolitaka. Mwalimu anayeanza na (a) atatafuta adhabu, na anayeanza na (b) atatafuta sweta nyingine. Fauka ya hayo, “washa” ni kauli ya kutendesha ya “waka”. Kitenzi hicho hicho tunachotumia kwa moto ndicho tunachotumia kwa ngozi.

Wala “washa” si pweke. Mshono wa soksi hukwaruza vidole, kibandiko cha shingoni huchoma, mpira wa kiunoni hubana, nailoni hunata kwa jasho, manyoya hutekenya, poliesta hufukutisha. Kila kitenzi hapa kinabainisha tatizo na kudokeza dawa yake, kwa maana kinachochoma hukatwa, kinachobana hulegezwa na kinachofukutisha hubadilishwa. Tukiridhika na “hapendi nguo”, tumefunga njia zote hizo.

Isitoshe, Kiswahili hakikutenga kusikia kuwa kazi ya masikio pekee. Tunasema “nasikia baridi”, “nasikia maumivu”, “nasikia joto”. Msemaji wa lugha hii tayari anakiri, bila kufunzwa na daktari, kwamba ngozi nayo husikia. Tunayemkubalia kwamba kelele zinamuumiza masikio, tuna sababu gani ya kumkatalia kwamba kitambaa kinampigia kelele mwilini?

Sare ya shule na njia za kusaidia

Nchini Kenya, suala hili hukabiliwa hasa kwenye sare. Sweta nzito, tai, shati lenye ukosi mgumu na soksi za kufika magotini ni vazi la kila siku la mamilioni ya wanafunzi, na kulivua darasani aghalabu huhesabiwa kuwa ukaidi. Watoto wengine wenye usonji hawazungumzi kabisa. Kwao, kuvua nguo, kutafuna mkono wa sweta au kutoroka darasani ndiyo sentensi pekee waliyo nayo. Kumpiga kwa ajili ya sentensi hiyo ni kosa la utu, na tangu Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013, ni kosa la kisheria pia.

Misaada iliyopo si ghali. Nguo mpya ifuliwe mara kadhaa kabla ya kuvaliwa, ili wanga na ugumu vitoke. Vibandiko vikatwe, na mshono uliobaki ulainishwe. Fulana ya pamba ivaliwe chini ya shati, na soksi igeuzwe ili mshono ukae nje. Nguo ya mtumba au ya kurithi kwa ndugu, iliyolainishwa na miaka ya kufuliwa, huweza kuwa bora kuliko mpya ya dukani. Mtoto aguse kitambaa kabla hakijanunuliwa, na nguo ya sikukuu avishwe nyumbani siku chache kabla ya sikukuu. Shuleni, ruhusa ya kuvaa sweta ya pamba ya rangi ile ile haiharibu sare ya mtu.

Hata hivyo, tahadhari ni muhimu. Si kila mtoto anayechukia sweta ana usonji, wala si kila mwenye usonji huchukia sweta. Maradhi ya ngozi nayo huwasha. Kazi ya kutambua usonji ni ya wataalamu wa afya, ilhali kumsikiliza mtoto ni kazi ya kila mmoja wetu.

Hitimisho

Wahenga walinena kuwa kitanda usichokilalia hujui kunguni wake. Ni vivyo hivyo kwa sweta usiyoivaa kwa ngozi ya mwenzako. Wengi wa wasomaji wa jarida hili watakuwa walimu, na baadhi yao watakuwa watafsiri na waundaji wa istilahi. Siku moja mbele yao atasimama mtoto aliyevua sweta wakati wa baridi, na daftari la nidhamu litakuwa wazi mezani, likisubiri sentensi moja. Kiima cha sentensi hiyo watakichagua wao.