Programu ya Wote, Kura ya Wachache

Novemba 2008, vita vilipopamba moto Kivu Kaskazini, ramani moja ya mtandaoni ilianza kupokea taarifa kutoka mashariki mwa Kongo: wapi kuna mapigano, wapi watu wamehama makwao. Programu iliyoiendesha ilizaliwa Kenya Januari ya mwaka huohuo, katika siku za umwagaji damu baada ya uchaguzi wa Desemba 2007. Waanzilishi wake, Ory Okolloh, Erik Hersman, Juliana Rotich na David Kobia, waliiita Ushahidi. Msimbo wake waliuacha wazi, kila mtu ausome, autumie, aurekebishe.

Kinachosimuliwa mara chache ni jinsi usukani wake ulivyopita mkono hadi mkono. Okolloh alipoondoka kwenda Google mwishoni mwa 2010, Rotich alishika nafasi. Miaka iliyofuata haikuwa myepesi. Mwaka 2017 bodi ilimwondoa mkurugenzi aliyekuwepo kufuatia uchunguzi wa malalamiko dhidi yake. Mwaka 2019 kiti kikachukuliwa na Angela Oduor Lungati, ambaye hakuwa miongoni mwa waanzilishi. Alikuwa ameandika programu humo ndani, kisha akawa mlezi wa jamii ya watumiaji na wachangiaji. Naupenda uteuzi ule. Mtu aliyekwisha kujibu maswali ya watumiaji wa mbali anajua programu inapowaumiza.

Wengi hudhani programu huria, yaani yenye msimbo wazi kama huo, haihitaji kiongozi, kwa kuwa msimbo hauna mwenyewe. Ni kweli kwamba asiyeridhika anaweza kunakili msimbo wote na kuanzisha mradi wake kando. Lakini yapo mambo yasiyonakilika: jina ambalo watu wamelizoea, funguo za seva, na uamuzi wa nani aruhusiwe kuingiza mabadiliko. Mwenye hayo ndiye kiongozi, awe na cheo au asiwe nacho.

Guido van Rossum, aliyeiunda lugha ya kuandikia programu iitwayo Python, alikuwa nayo yote. Tarehe 12 Julai 2018, akiwa amechoshwa na mabishano juu ya badiliko moja la lugha hiyo, alijiuzulu bila kutaja mrithi. Aliwaambia wenzake waamue wenyewe namna ya kujitawala. Waliandika mapendekezo kadhaa ya mifumo ya uongozi, wakayapigia kura, na mapema 2019 wakachagua baraza la watu watano. Katika kanuni zao kuna sharti moja ambalo ningependa kuliona hata katika vyama vyetu vya ushirika: wajumbe wa baraza walioajiriwa na kampuni moja wasizidi wawili. Walijua kwamba kampuni kubwa inaweza kuuteka mradi bila kununua hata mstari mmoja, kwa kuwajaza watu wake mezani tu.

Si kila mradi umepata bahati hiyo. Programu ya kubana mafaili iitwayo xz, iliyomo katika kompyuta nyingi mno zinazotumia Linux, kwa miaka mingi ilitunzwa na mtu mmoja wa kujitolea huko Finland. Alichoka, na alisema wazi kwamba amechoka. Mwaka 2022 watu wasiojulikana walianza kumshinikiza kwa barua pepe: kazi inachelewa, mpe mwingine. Mwingine huyo alikuwepo tayari, mtu aliyejiita Jia Tan, mwenye bidii na adabu. Polepole akapewa funguo. Machi 2024 mhandisi Andres Freund, aliyeshangazwa na ucheleweshaji wa karibu nusu sekunde tu wakati wa kuingia kwenye kompyuta, alichimbua akakuta mlango wa siri uliofichwa na mrithi yule. Hadi leo hakuna anayejua Jia Tan ni nani. Kwenye likelemba, mchango wa zamu wa mama zetu hapa Kisangani, mtunza sanduku hujulikana nyumba yake na ndugu zake. Kwa xz, dunia nzima ilikuwa imemkabidhi sanduku mtu asiye na sura. Mzigo wa lawama simtwishi yule mtunzaji aliyechoka. Kampuni tajiri zilitumia kazi yake bure, na hakuna aliyeuliza nani atampokea.

Yote haya yanaigusaje Basoko, pale mto Aruwimi unapomwaga maji yake katika mto Kongo? Yanaigusa kila mwezi. Muuguzi wa kituo cha afya anajaza karatasi: wagonjwa wa malaria, wajawazito waliopimwa, watoto waliochanjwa. Karatasi zinapelekwa ofisi kuu ya zoni ya afya, na huko takwimu zinaingizwa katika DHIS2, programu huria ambayo wizara ya afya inaitumia kwa zoni zote 519 za nchi. Dawa na chanjo hupangwa kwa kufuata takwimu hizo.

Mtangulizi wa DHIS2 alianzia Afrika Kusini katika miaka ya tisini, mara baada ya ubaguzi wa rangi kuanguka, na sasa DHIS2 inatunzwa na Chuo Kikuu cha Oslo, Norwei. Kazi yao ni nzuri na naiheshimu. Lakini anayeiongoza hapigiwi kura na watumiaji, na fedha za kuiendesha zinatoka kwa wafadhili, Norad na Global Fund miongoni mwao. Wanaoijaza takwimu ni wa Basoko, Isangi na Opala. Wanaoamua kitatengenezwa nini kwanza wako mbali. Na ile haki ya kunakili msimbo na kwenda zako haina maana mahali ambapo mtandao wenyewe ni wa kubahatisha. Kwa mtu wa huku, njia iliyobaki ni kuwa miongoni mwa wanaoamua.

Inawezekana? Debian, mradi mkubwa wa programu huria ulioanzishwa mwaka 1993, unatoa jibu zuri kuliko mingine ninayoijua. Kila mwaka wanachama wake, takriban elfu moja, humchagua kiongozi kwa kura ya siri. Hawaweki alama kwa mmoja tu. Wanawapanga wagombea wote kwa mfuatano wa kupenda, na katika orodha kuna nafasi ya kuwakataa wote. Kiongozi hawezi kumwamuru yeyote afanye kazi. Mwaka 2019 muda wa kujitokeza uliisha bila mgombea hata mmoja, ikabidi uongezwe. Jonathan Carter wa Afrika Kusini aligombea mwaka huo akashindwa, akarudi 2020 akashinda, na akachaguliwa tena mara tatu, hadi alipoachia nafasi 2024.

Kwangu mimi, uamuzi wao mkubwa kuliko yote ni ule wa mwaka 2010: walikubali kwamba asiyetengeneza programu, kwa mfano mfasiri au mwandishi wa miongozo, naye anaweza kuwa mwanachama kamili mwenye kura. Wanafunzi wa Chuo Kikuu cha Kisangani wanaojua Kifaransa, Kiswahili na Lingala wana mtaji ambao mhandisi wa Berlin hana.

Kikwazo kimoja ni kizito. Ili mtu apokelewe, ufunguo wake wa kidijitali lazima utiwe saini na wanachama waliothibitisha yeye ni nani, na kwa kawaida hilo hufanyika uso kwa uso. Baada ya mkasa wa xz, sitathubutu kuwaambia walegeze sharti hilo. Ila mkutano mkuu wao wa kila mwaka umefanyika Afrika, Cape Town, mwaka 2016, na kutoka Kisangani Cape Town ni mbali karibu kama Ulaya. Wakiuleta Kampala au Nairobi, kijana wa jimbo letu la Tshopo mwenye kazi zake mkononi ataweza kufika na kupata saini zake.