Springi Iliyokatwa: Fizikia ya Kulishusha Gari

Gari lililoshushwa huwavutia vijana wengi. Bodi hukaribia barabara, nafasi iliyo kati ya tairi na madigadi hupungua, na gari la kawaida, la kwendea kazini na kuwapelekea watoto shuleni, huonekana kama gari la mashindano. Springi zilizotengenezwa mahsusi kwa kazi hiyo huuzwa kwa bei kubwa, lakini msumeno wa chuma hupatikana katika kila gereji. Ndiyo maana njia iliyozoeleka ya mtu mwenye fedha kidogo ni kuzikata springi za gari lake mwenyewe. Kazi hiyo huchukua saa chache, na matokeo yake huonekana papo hapo. Yale yasiyoonekana ndiyo yanayostahili kuchunguzwa, na kwa bahati njema fizikia ya shule ya sekondari inatosha kuyafichua.

Desturi yenye historia

Tamaa ya kulishusha gari kwa gharama ndogo si jambo jipya. Katika jiji la Los Angeles, Marekani, vijana wenye asili ya Meksiko walizikata springi za magari yao, au walipakia mifuko ya mchanga nyuma ya gari ili bodi ilale chini, tangu miaka ya 1940. Mwaka 1958 jimbo la California liliweka sheria ya kukataza sehemu yoyote ya gari isiwe chini kuliko ukingo wa chini wa rimu. Mwaka uliofuata Ron Aguirre alilifunga gari lake mitambo ya haidroli, akaweza kuliinua anapotaka na kulishusha anapotaka. Katazo hilo la jimbo liliondolewa mwaka 2024.

Japani nayo ina vijana wapendao magari ya chini, lakini ukaguzi wa magari nchini humo hudai nafasi isiyopungua sentimita 9 kati ya ardhi na sehemu ya chini ya gari. Magari mengi yaliyotumika yanayoingia Afrika Mashariki hutoka huko, na huku wenye magari wengi hufanya kinyume: huweka vipande vya kuinulia juu ya springi ili gari lipite penye matuta na mashimo. Anayeinua na anayeshusha wote hugusa kitu kimoja, nacho ni uhusiano uliopo kati ya uzito wa gari, springi, na umbali ambao gurudumu huruhusiwa kupanda na kushuka.

Kazi ya springi

Mwaka 1676 mwanasayansi Mwingereza Robert Hooke alichapisha ugunduzi wake kwa herufi zilizovurugwa makusudi ili wengine wasiuibe, na mwaka 1678 akaufafanua. Kanuni yake yasema kwamba badiliko la urefu wa springi hulingana na kani inayotumika juu yake. Kani ikiongezeka mara mbili, springi hubonyea mara mbili. Kani inayohitajika ili kuibonyeza springi kwa milimita moja ndiyo ukakamavu wa springi hiyo.

Gurudumu linapokutana na tuta, springi hubonyea na kuihifadhi nishati ya mgongano, badala ya kuiachia ipite hadi kwenye bodi na migongo ya abiria. Kisha springi hutaka kuirudisha nishati hiyo, na gari lingeendelea kurukaruka kama si shokomzoba. Ndani ya shokomzoba mafuta husukumwa katika matundu madogo, na nishati hugeuka kuwa joto. Springi na shokomzoba, kwa hiyo, ni watu wawili wa kazi moja. Ukimbadilisha mmoja, umemgusa na mwenziwe.

Springi inapokatwa

Wengi hudhani kwamba springi iliyokatwa ni springi ileile, ila fupi. Hesabu huonyesha vingine. Na ichukuliwe springi ya mbele ya gari dogo, iliyosimama juu ya gurudumu. Urefu wake bila mzigo ni milimita 360, ina mizunguko 6 inayofanya kazi, na inabeba tungamo la kilogramu 300, yaani uzito wa nyutoni 3,000 hivi. Ukakamavu wake ni nyutoni 20 kwa kila milimita. Chini ya uzito huo springi itabonyea milimita 150, na urefu utakaobaki ni milimita 210.

Kila mzunguko wa springi ni springi ndogo iliyopangwa juu ya nyingine, na yote hubeba kani ileile ya nyutoni 3,000. Mizunguko 6 hugawana milimita 150, kila mmoja ukibonyea milimita 25. Mzunguko mmoja ukikatwa, mitano iliyobaki itabonyea kwa jumla milimita 125 tu. Uzito haukubadilika, lakini mbonyeo umepungua. Ukakamavu sasa ni nyutoni 24 kwa milimita. Springi imekuwa fupi na pia ngumu zaidi.

Urefu wa springi iliyokatwa, bila mzigo, ni milimita 300. Ikibeba gari inabaki milimita 175. Gari limeshuka milimita 35, ingawa kipande kilichotupwa kilikuwa na urefu wa milimita 60. Mizunguko miwili ikikatwa, ukakamavu hufika nyutoni 30 kwa milimita, na gari hushuka milimita 70.

Nafasi iliyobaki

Juu ya safari ya kila gurudumu kuna mpira wa kikomo, unaozuia chuma kisigonge chuma. Katika gari la mfano huu, kabla ya springi kukatwa, gurudumu lingeweza kupanda milimita 80 kabla ya kuufikia mpira huo. Baada ya kushusha gari kwa milimita 35, zimebaki milimita 45. Baada ya kulishusha kwa milimita 70, zimebaki 10.

Nishati ambayo springi inaweza kuipokea kutoka kwenye tuta, zaidi ya ile ya kubeba uzito wa gari, ni nusu ya ukakamavu ukizidishwa kwa mraba wa umbali uliobaki. Kwa springi nzima, jibu ni jouli 64. Kwa springi iliyokatwa mzunguko mmoja, ni jouli 24 hivi. Kwa iliyokatwa mizunguko miwili, ni jouli moja na nusu tu. Ukakamavu ulioongezeka haukuweza kufidia umbali uliopotea, kwa sababu umbali huingia katika hesabu kwa mraba wake. Ili milimita 45 zipokee jouli zilezile 64, ukakamavu ungelazimika kuongezeka zaidi ya mara tatu, na hapo abiria wangejihisi wamepanda mkokoteni.

Gari la kila siku, tena, halisafiri tupu. Abiria na mizigo wakiongeza kilogramu 120 juu ya kila gurudumu la nyuma, na springi za nyuma zikiwa na ukakamavu na nafasi kama za mfano ulio juu, springi nzima itashuka milimita 60 na kubakiza 20. Springi iliyokatwa mzunguko mmoja itahitaji milimita 50, nayo haina zaidi ya 45. Gari hilo litakuwa limekaa juu ya mpira wa kikomo kabla halijaondoka nyumbani, na kila shimo litapigwa na bodi yenyewe.

Hatari ya pili hujitokeza gurudumu linapoanguka shimoni. Gurudumu likining'inia, nafasi kati ya vikalio viwili vya springi hupanuka. Katika mfano huu iwe milimita 310. Springi nzima, yenye milimita 360, bado imebanwa. Springi iliyokatwa ina milimita 300 tu, hivyo hulegea na yaweza kuhama mahali pake. Gurudumu linapopanda tena, springi hukalia upande.

Wapo pia wanaoipasha springi moto wa gesi mpaka ilegee. Njia hiyo ni mbaya kuliko zote. Chuma cha springi hupewa uimara wake kiwandani kwa kupashwa joto, kupozwa ghafla, kisha kupashwa tena kwa kipimo maalumu. Moto wa gereji huufuta uimara huo katika sehemu moja na kuuacha katika nyingine, na springi huweza kuendelea kulegea au kukatika barabarani.

Je, gari la chini halishiki kona vizuri zaidi?

Hoja hii ina ukweli ndani yake. Gari linapopinda, sehemu ya uzito huhama kutoka magurudumu ya ndani kwenda ya nje, na kiasi hicho hulingana na kimo cha kitovu cha graviti. Gari la kilogramu 1,000, lenye kitovu hicho sentimita 55 juu ya ardhi na upana wa sentimita 140 kati ya magurudumu, likipinda kwa mchapuko wa mita 5 kwa sekunde mraba, huhamisha nyutoni 1,960 hivi. Likishushwa milimita 35, huhamisha nyutoni 1,840. Nafuu ni kama asilimia 6.

Lakini magari mengi madogo ya leo hutumia mfumo wa Earle MacPherson, ambamo gurudumu hushikwa na nguzo yenye springi kwa juu na mkono mmoja kwa chini. Bodi ikishuka, ncha ya nje ya mkono huo huinuka kuliko ya ndani, na nukta ambayo bodi huizunguka inapolala upande hushuka haraka kuliko kitovu cha graviti. Umbali kati ya nukta hizo mbili huongezeka, na kwa hiyo mwenzo wa kuilaza bodi huongezeka pia. Vilevile ulekeo wa magurudumu hubadilika, na tairi huanza kulika upande mmoja. Bei ya tairi mbili mpya yaweza kuimeza fedha yote iliyookolewa kwa msumeno.

Breki inapodanganywa

Jambo moja husahauliwa mara nyingi. Magari mengi madogo ya mizigo, na mabasi madogo, yana valvu inayopima mzigo. Wenzo wake huunganishwa na ekseli ya nyuma. Bodi inaposhuka kwa sababu ya shehena, valvu huruhusu breki za nyuma zipate kanieneo kubwa zaidi. Gari likishushwa bila kuirekebisha valvu hiyo, nayo huamini kwamba gari limejaa mzigo wakati ni tupu. Dereva akikanyaga breki kwa ghafla, uzito hukimbilia mbele, magurudumu ya nyuma huwa mepesi, hufunga kabla ya yale ya mbele, na mkia wa gari huzunguka.

Mwenye fedha kidogo afanye nini?

Kwanza, apime kabla ya kutumia. Gari likiwa limepakia abiria wake wa kawaida, ajue zimebaki milimita ngapi kabla ya mpira wa kikomo. Kipimo hicho hakigharimu chochote, na mara nyingi chatosha kumaliza mjadala.

Pili, fedha za mwanzo ziende kwenye shokomzoba zilizochoka, bushi zilizolika na tairi. Gari lenye vitu hivyo vizima hushika kona vizuri kuliko gari la chini lenye vitu vibovu.

Tatu, akiwa bado anataka kulishusha, atumie springi zilizotengenezwa kwa gari la aina hiyo, na asizidi milimita 25 hadi 30. Mtengenezaji wa springi hizo huongeza unene wa waya au hubadilisha mpangilio wa mizunguko, hata springi ikabaki imebanwa gurudumu linaponing'inia. Magari yenye fito za kujinyonga mbele badala ya springi, kama vile Toyota Hiace, hushushwa kwa kulegeza skrubu tu, bila ukakamavu wa fito kubadilika. Hata hivyo nafasi ya juu hupungua vilevile, na hesabu ya jouli haimsamehe mtu.

Nne, kazi ikiisha, ulekeo wa magurudumu upimwe upya, taa za mbele zirekebishwe zisiwapofushe wengine, na valvu ya mzigo, kama ipo, iwekwe sawa.

Jaribio la darasani

Walimu wanaweza kuionyesha kanuni hii bila springi yoyote. Mpira wa ndani wa baiskeli ukatwe kipande chembamba chenye urefu wa sentimita 40. Kifungwe juu, na chini yake itundikwe chupa yenye nusu lita ya maji. Wanafunzi wapime mpira umerefuka kwa kiasi gani. Kisha mpira uleule ufungwe katikati yake, ili zibaki sentimita 20 zinazofanya kazi, na chupa ileile itundikwe tena. Mrefuko utapungua hadi karibu nusu: kipande kifupi kimekuwa kigumu mara mbili, ingawa hakuna aliyekibadilisha mpira huo wala kuongeza unene wake.

Mwanafunzi aliyeliona jambo hilo kwa macho yake, na kuliandika katika daftari lake, ataweza kusimama gereji siku moja na kumwuliza fundi swali la maana kabla msumeno haujagusa chuma: baada ya kukata, gurudumu litabakiwa na milimita ngapi?