Kupiga Picha za Nyota Katika Mathare kwa Kamera ya Kawaida

Watu wengi hudhani kwamba kupiga picha za nyota ni kazi ya wataalamu wenye darubini kubwa, wakaao milimani mbali na miji. Ukimwambia mtu kwamba picha hizo zaweza kupigwa Mathare, katika mitaa ya Eastlands mjini Nairobi, atakucheka. Hata mimi nilicheka nilipoambiwa mara ya kwanza. Leo nataka kuwaeleza wasomaji jinsi jambo hili linavyowezekana, na kwa nini lina maana kwetu sisi tukaao mjini.

Shida ya kwanza ni mwanga. Bonde la Mathare limejaa nyumba za mabati zilizosongamana, na kando yake yako maghorofa. Katikati zasimama taa kali juu ya milingoti mirefu, ambazo wenyeji huziita mulika mwizi. Taa hizo zina faida kubwa. Mama auzaye mboga jioni huzihitaji, na mtoto aendaye chooni usiku huzihitaji zaidi. Kwa hiyo mtu asidhani kwamba naomba zizimwe. Lakini mwanga wake huenea hewani na kufunika nyota ndogo, kama vile ngoma inavyofunika mnong'ono. Nyota zipo vile vile; ni sisi tusioziona.

Hapa ndipo kamera inapotufaa. Jicho la mtu haliwezi kuweka akiba ya mwanga, bali kamera yaweza kuukusanya kidogo kidogo, sekunde baada ya sekunde, mpaka kisichoonekana kikaonekana. Siri hiyo yajulikana tangu zamani. Mwaka 1840 John William Draper alipiga picha ya mwezi huko New York. Miaka 40 baadaye, mwaka 1880, mwanawe Henry Draper aliacha kamera yake wazi kwa dakika 51, imefungwa kwenye darubini, akapata picha ya lile wingu ling'aalo katika kundi la nyota la Jabari. Siku hizi simu ya mkononi ya bei ya wastani yaweza kuonyesha doa la wingu lile kwa sekunde chache, ijapokuwa si kwa uzuri ule.

Basi, mtu aanzeje? Kwanza, kamera isitikisike hata kidogo. Asiye na kigoda cha miguu mitatu na aiegemeze simu yake juu ya mfuko wa mchanga au wa unga. Aitegee saa ya kuchelewesha, ili ipige yenyewe baada ya sekunde 10, wakati mkono wake umekwisha kuondoka. Tena auzime mwako wa kamera, maana hauwezi kufika mbinguni.

Pili, aanze na mwezi. Wengi hukosea hapa: huacha kamera wazi muda mrefu kwa kuwa ni usiku, wakapata duara jeupe lisilo na alama yo yote. Mwezi wamulikwa na jua, kwa hiyo upigwe kama kitu kilichoko mchana. Kwa kamera ya kawaida, ISO 100, tundu la lenzi f/11, na sehemu moja ya mia ya sekunde yatosha. Kwa simu, uguse mwezi kwenye kioo kisha upunguze mwanga mpaka madoa yake yaonekane.

Tatu, aende kwenye sayari na nyota kubwa. Zuhura na Mshtarii hushinda taa zote za mji. Nyota zahitaji muda zaidi, lakini ukizidisha zitageuka mistari, kwa kuwa dunia yazunguka. Iko hesabu rahisi kwa kamera za kipimo cha filamu ya milimita 35: gawanya 500 kwa urefu wa lenzi kwa milimita. Lenzi ya milimita 50 itakupa sekunde 10. Sisi tulio karibu na Ikweta yatupasa kupunguza kidogo, maana nyota zipitazo juu ya vichwa vyetu ndizo ziendazo kwa kasi kupita zote: kila dakika 2 husogea kadiri ya upana wa mwezi.

Nne, ajifiche na taa. Aipe mgongo mulika mwizi, asimame penye kivuli cha tangi la maji, na aikinge lenzi kwa kipande cha katoni. Kisha apige picha nyingi fupi badala ya moja ndefu. Ziko programu za kompyuta zisizolipiwa ambazo huziunganisha zikawa picha moja, na nyota huzidi kuonekana.

Ukiziunganisha picha za saa nzima bila kuzilinganisha, utapata mistari ya njia za nyota. Hapo Mathare yaishinda London. Kule nyota huchomoza kwa kulala upande. Kwetu, kwa kuwa Nairobi iko nyuzi 1 na kidogo tu kusini ya Ikweta, nyota za mashariki hupanda wima kama moshi wa jiko siku isiyo na upepo.

Lakini liko jambo moja kubwa kuliko haya yote, nami nilijifunza kwa hofu. Usiku wa kwanza nilipanda juu ya paa la ghorofa saa 4 bila kumwaga mtu. Jirani aliona kivuli kikiinama kati ya kamba za nguo, akapaza sauti, "Mwizi!" Katika mitaa yetu neno hilo laweza kumwua mtu kabla hajaulizwa jina lake. Kwa bahati njema mlinzi wa lango alinijua, akawazuia waliokuwa wakipanda ngazi. Tangu siku hiyo sipandi bila kupiga hodi kwa jirani wote, wala sipandi peke yangu.

Na hodi hiyo imenipa faida nisiyoitazamia. Usiku mmoja wa mwezi wa Desemba mama mmoja mzee alipanda pamoja nasi kuona tufanyalo. Nilimwonyesha kwenye kioo kidogo cha kamera kishada cha nyota ambacho macho yetu hayakukiona vizuri. Akanyamaza, kisha akasema, "Mwanangu, hiki ni Kilimia. Mama yangu alikitazama kabla ya kupanda mbegu. Tangu nije Nairobi sijakiona." Wajukuu wake, waliozaliwa Mathare, wakamwuliza Kilimia ni nini. Akawaeleza mpaka saa 6.

Wahenga walisema, Kilimia kikizama kwa jua huzuka kwa mvua, na kikizama kwa mvua huzuka kwa jua. Wakulima wasomao habari hii walijua maana yake tangu utoto. Watoto wetu wa mjini wataijuaje ikiwa hawajakiona hata siku moja?

Mwenye kutaka kuendelea na elimu hii asikate tamaa. Tangu mwaka 2014 Bi. Susan Murabana na mumewe, Daniel Chu Owen, kwa shirika lao liitwalo The Travelling Telescope, wamekuwa wakiwapelekea watoto wa Kenya darubini. Tena mbingu zenyewe hazitozi kiingilio. Tarehe 7 Septemba 2025 mwezi ulipatwa wote juu ya nchi yetu kwa dakika 82, na tarehe 31 Desemba 2028 utapatwa tena, tangu kiasi cha saa 1 na robo usiku mpaka saa 2 na nusu. Siku hiyo mwezi utakuwa na giza jekundu, kwa hiyo uache kamera wazi sekunde moja au mbili.

Basi shime, ndugu wasomaji! Tutengeneze simu zetu mapema, tuwaage jirani, na tuwapandishe wazee wetu pamoja na watoto.