Poka ya dau la kikomo: soma bei kabla ya kufuata

Mtu aliyejifunza poka kwa kutazama video za mashindano hushangaa sana akikaa kwenye meza ya nyumbani ambako washkaji wamekubaliana dau liwe na kikomo. Ile staili ya kusukuma pesa zote katikati haipo. Akijaribu kuwapiga mkwara wenzake, wanamfuata tu. Mwisho analalamika: "Hawa hawajui kucheza, wanafuata kila kitu!" Kumbe mara nyingi hao wanaofuata wako sahihi kihesabu. Hebu tuone kwa nini.

Kikomo kinafanyaje kazi?

Tuchukue Texas Hold'em. Kila mchezaji ana karata mbili za siri, na mezani zinafunuliwa tano: tatu kwa pamoja, kisha ya nne, kisha ya tano. Raundi za dau ni nne. Tuseme dau ni shilingi 200 katika raundi mbili za kwanza na 400 katika mbili za mwisho. Anayepandisha anaongeza kiasi hichohicho, na kwa kawaida kila raundi inaruhusu dau moja na kupandisha mara tatu. Kwa hiyo mkono mmoja hauwezi kukugharimu zaidi ya 800 + 800 + 1,600 + 1,600, yaani shilingi 4,800. Hasara ya mkono mmoja unaijua kabla hujaanza. Ila mikono ya usiku mzima inajumlishana, na hapo ndipo pesa ya nauli inapotea mia nne mia nne.

Bei ya kuendelea

Watu watano wameweka 200 kila mmoja, kwa hiyo fungu ni 1,000. Zinafunuliwa karata tatu. Wewe una kopa mbili, na mezani kuna kopa mbili. Ukipata moja zaidi unakuwa na kopa tano. Mmoja anaweka 200, wawili wanafuata. Sasa fungu ni 1,600 na wewe unadaiwa 200. Bei yako ni 8 kwa 1.

Karata usizoziona ni 47, na kopa zilizobaki ni 9. Uwezekano wa kopa kutokea kwenye karata inayofuata ni 9/47, karibu asilimia 19. Kwa maneno mengine, utakosa mara 38 na kupata mara 9, kidogo zaidi ya 4 kwa 1. Fungu linakulipa 8 kwa 1, hivyo fuata. Tukichukulia kopa itakupa ushindi na hakuna dau zaidi, katika mara 47 utapoteza 7,600 na kushinda 14,400.

Kwenye poka isiyo na kikomo, mpinzani angeweza kuweka 1,000 juu ya fungu la 1,000. Bei yako ingeshuka hadi 2 kwa 1, na kufuata kungeanza kuuma. Kwenye meza ya kikomo hana silaha hiyo. Anachoweza ni kupandisha mapema, ili walio nyuma yake walipe madau mawili kwa mkupuo.

Raundi ya tatu, dau limekuwa kubwa

Hapa ndipo wengi wanapoteza. Una 5 na 6, mezani kuna 8, 9, 2 na K. Karata inayokuokoa ni 7 pekee, na ziko nne kati ya 46: utakosa mara 42 na kupata mara 4, yaani 10.5 kwa 1. Fungu lina 2,200 pamoja na dau la mpinzani, nawe unadaiwa 400. Bei ni 5.5 kwa 1. Hata ukitegemea akupe 400 nyingine mwishoni, inakuwa 6.5 kwa 1 tu. Tupa karata.

Raundi ya mwisho, usiogope dau moja

Fungu ni 3,200, mpinzani anaweka 400. Unalipa 400 kugombea 3,600, yaani 9 kwa 1. Ukishinda zaidi ya mara moja kati ya kumi, kufuata kunalipa. Na yeye akiwa upande wako atapiga hesabu hiyohiyo, ndiyo maana mkwara haufanyi kazi sana hapa, hasa wakiwa wamebaki watu watatu. Ukiwa na karata nzuri, weka dau bila haya, watakulipa.

Kompyuta nazo zimepita hapa

Kwa sababu dau halibadiliki, njia ambazo mkono unaweza kupitia zina mwisho unaohesabika. Mwaka 2015 watafiti wa Chuo Kikuu cha Alberta, Kanada, walichapisha kwenye jarida la Science programu yao Cepheus, iliyojifunza kwa kucheza dhidi yake yenyewe. Walitangaza kwamba Hold'em ya kikomo ya watu wawili imetatuliwa kwa vitendo: hata ungecheza nayo maisha yako yote, usingeweza kuthibitisha kitakwimu kwamba unaishinda.

Meza yenu ya watu sita ni ngumu zaidi kuikokotoa, ila gawanyo ni lilelile. Kila ukidaiwa, jiulize mambo mawili: fungu lina kiasi gani, na karata zangu za kuniokoa ni ngapi?